Viashiria vya Damu na Hatari ya Kiharusi kwa Wagonjwa wa Moyo Kushindwa Kufanya Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa moyo wa Dar es Salaam na ndugu wanaowasindikiza kliniki, iwe ni Mwananyamala, Amana, Temeke au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Upanga. Maswali mengi huulizwa na mtu aliyeshika karatasi ya maabara yenye herufi H, yaani alama kwamba namba iko juu, iliyochapwa kando ya namba fulani, ambaye amelala usiku kucha akiiwaza herufi hiyo. Nia ni kumweleza mtu huyo namba ile inasema nini kuhusu kiharusi, na nini haiwezi kusema.

Moyo kushindwa kufanya kazi unahusiana vipi na kiharusi?

Moyo ukisemwa kwamba umeshindwa kufanya kazi, haina maana kwamba umesimama. Maana yake ni kwamba hausukumi au haupokei damu kwa kiwango ambacho mwili unahitaji, ndiyo maana miguu huvimba, pumzi hukata mtu anapopanda ngazi, na usiku hulazimika kulalia mito miwili au mitatu. Wengi huku kwetu huuita moyo kutanuka, kwa sababu katika kipimo cha ECHO, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, chumba cha chini cha kushoto huonekana kimekuwa kikubwa na kuta zake zimelegea.

Damu inayopita taratibu ndani ya chumba kilicholegea huweza kutuama, na damu inayotuama huganda kwa urahisi. Donge likijitengeneza karibu na ncha ya moyo, au katika kifuko kidogo kilichoshikana na chumba cha juu cha kushoto, kipande chake kinaweza kuchomoka, kikapanda na mishipa ya shingo na kuziba mshipa wa ubongo. Tangu karne ya 19, kwa kazi ya tabibu wa Ujerumani Rudolf Virchow, mambo yanayogandisha damu ndani ya mishipa yamekuwa yakipangwa katika makundi matatu: mwendo wa damu kuwa wa taratibu, utando wa ndani wa mishipa au wa moyo kujeruhika, na damu yenyewe kuelekea kuganda kuliko kawaida. Mgonjwa wa moyo uliotanuka anaweza kuwa na yote matatu kwa wakati mmoja.

Kuna pia kiharusi cha mshipa wa ubongo kupasuka, ambacho kwa kawaida husababishwa na shinikizo la juu la damu. Jambo hili lina uzito mkubwa katika jiji letu. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 55 tu, na chanzo kilichoongoza kilikuwa shinikizo la juu la damu, kwa asilimia 45. Hesabu nyingine, iliyofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 katika maeneo ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na Dar es Salaam, ilionyesha kwamba baada ya kusawazisha umri, kiharusi kipya kilitokea kwa takriban watu 316 katika kila 100,000 kwa mwaka hapa Dar es Salaam, wakati Hai walikuwa takriban 109. Shinikizo la damu, kwa hiyo, huunguza pande zote mbili: huuchosha moyo na huharibu mishipa ya ubongo.

Viashiria vya damu ni nini hasa?

Ni vitu vinavyopimika katika damu ambavyo kiwango chake hubadilika kutokana na jambo linaloendelea ndani ya mwili. Havileti ugonjwa na wala haviutibu. Vinavyotajwa zaidi katika suala hili ni NT-proBNP na ndugu yake BNP, D-dima, troponini, kreatinini na hemoglobini. Watafiti huchunguza vingine vingi, kama protini ya uvimbe inayoitwa CRP na ile inayojulikana kwa herufi GDF-15, lakini vingi kati ya hivyo bado havijaingia katika maamuzi ya kila siku ya kliniki, na mgonjwa hana sababu ya kuvitafuta kwa gharama yake mwenyewe.

NT-proBNP yangu iko juu. Inaniambia nini?

Kuta za moyo zinapovutwa na shinikizo la damu iliyojaa ndani yake, chembe za misuli ya moyo hutoa homoni iitwayo BNP, ambayo husaidia mwili kutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo. NT-proBNP ni kipande kinachokatwa wakati homoni hiyo inatengenezwa, na hukaa katika damu kwa muda mrefu zaidi, hivyo ni rahisi kukipima. BNP yenyewe iligunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, na herufi B katika jina lake ilitokana na ubongo huo, ingawa baadaye ilibainika kwamba chanzo chake kikuu ni moyo.

Kwa mtu anayekuja kliniki akitembea, NT-proBNP iliyo chini ya pikogramu 125 katika kila mililita hufanya uwezekano wa moyo kushindwa kuwa mdogo. Kwa aliyefika mapokezi ya dharura akihema kwa shida, mpaka unaotumika ni 300. Kupanda juu ya hapo hakutoshi kutoa hukumu, kwa sababu namba hii hupanda kwa umri, hupanda figo zinapochoka, na hupanda mapigo ya moyo yanapopoteza mpangilio. Kwa mtu mnene kupita kiasi huwa chini kuliko hali halisi ya moyo wake. Mgonjwa anayetumia dawa yenye sakubitrili pamoja na valsatani anapaswa kujua kwamba dawa hiyo huweza kupandisha BNP, lakini haipandishi NT-proBNP kwa namna hiyo, na ndiyo sababu daktari huchagua kupima ya pili.

Kuhusu kiharusi, NT-proBNP iliyo juu huashiria kwamba vyumba vya moyo vimelemewa, na chumba cha juu kilicholemewa ndicho kinachotanuka, kikapoteza mpangilio wa mapigo na kutuamisha damu. Ndiyo maana tafiti zimeikuta ikiambatana na kiharusi, hasa kwa wenye mapigo yasiyo na mpangilio. Mwaka 2016 ilichapishwa namna ya kukadiria hatari ya kiharusi kwa wagonjwa wa aina hiyo kwa kutumia mambo manne tu: umri, historia ya kiharusi, NT-proBNP na troponini. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa wenye mapigo yasiyo na mpangilio. Kukihamishia kwa kila mgonjwa wa moyo ni kukitwika mzigo ambao hakikuandaliwa kuubeba.

Kwa nini hospitali mbili zimenipa namba tofauti kabisa?

Tazama kipimio kilichoandikwa baada ya namba. NT-proBNP ya pikogramu 125 kwa mililita ni sawa na takriban pikomoli 15 kwa lita, kwa hiyo karatasi mbili zinaweza kusema jambo lile lile kwa namba zinazotofautiana zaidi ya mara nane. D-dima nayo hutolewa kwa vipimio vya aina mbili, kimoja kikitoa namba iliyo takriban mara mbili ya kingine. Ikiwezekana, pima mahali pamoja.

D-dima ni nini, na kwa nini iko juu ilhali sina donge la damu?

Damu inapoganda, nyuzi za protini iitwayo fibrini hushikana kama wavu. Mwili huanza kuukata wavu huo, na vipande vinavyobaki ndivyo hupimwa kama D-dima. Namba ikiwa juu, maana yake ni kwamba mahali fulani mwilini damu imekuwa ikiganda na kuyeyushwa. Haisemi ni wapi, wala haisemi kwa sababu gani.

Hapo ndipo ugumu ulipo kwa mkazi wa Dar es Salaam. D-dima hupanda kwa nimonia, kwa kifua kikuu, kwa malaria kali, kwa ujauzito, kwa saratani, kwa upasuaji wa karibuni, kwa ugonjwa wa selimundu, na hata kwa umri peke yake. Mgonjwa wa moyo aliyepimwa wiki ile ile aliyokuwa na homa anaweza kupata majibu yanayotisha ambayo hayahusiani kabisa na ubongo wake. Kabla ya kuisoma D-dima, daktari mzuri atauliza kwanza ulikuwa na hali gani siku uliyotolewa damu. Asipouliza, mwambie mwenyewe.

Faida kubwa ya D-dima imethibitika upande wa kuondoa shaka: kwa mtu ambaye dalili zake hazielekezi sana kwenye donge la damu katika mguu au mapafu, namba iliyo chini husaidia kusema kwamba donge hilo halipo. Kukisia kiharusi kijacho ni kazi nyingine, na ushahidi wake bado ni mchanga.

Troponini, kreatinini na hemoglobini vinaingiaje hapa?

Troponini huvuja kutoka katika chembe za misuli ya moyo zilizoumia. Mgonjwa wa moyo ulioshindwa anaweza kuwa na troponini iliyopanda kidogo kwa miezi mingi bila kuwa na shambulio la moyo, na hali hiyo huonyesha kwamba misuli inaendelea kuumia polepole.

Kreatinini hueleza hali ya figo, na kwa maoni yangu ndiyo namba inayopuuzwa kuliko zote wakati ndiyo inayobadili mambo mengi: hubadili maana ya NT-proBNP, huamua kipimo cha baadhi ya dawa za kuzuia damu kuganda, na yenyewe ikiwa mbaya huongeza hatari ya kiharusi na ya kutokwa damu pia. Hemoglobini iliyo chini huulazimisha moyo kukimbia zaidi, na kabla ya kuanza dawa ya kuzuia damu kuganda ni lazima ijulikane, kwani huenda mgonjwa tayari anapoteza damu tumboni bila kujua. Vipimo hivi viwili ni vya bei nafuu na hupatikana karibu kila hospitali ya wilaya.

Je, namba zikiwa juu nitapata kiharusi?

La, si lazima. Kiashiria hueleza hatari ya kundi la watu. Ukichukua wagonjwa 100 wenye namba ya juu na wengine 100 wenye namba ya chini, kundi la kwanza litapata matatizo zaidi, lakini ndani ya kundi hilo hilo wengi hawatapata kiharusi, na katika kundi la pili wapo watakaokipata. Karatasi ya maabara haiwezi kukuonyesha wewe uko wapi kati yao.

Mambo yanayopima hatari yako kwa uzito zaidi ni yale ambayo mengi hayahitaji mashine ya gharama: kama uliwahi kupata kiharusi au kupooza kwa muda mfupi kulikopita kwenyewe, kama mapigo yako hayana mpangilio, kama una ugonjwa wa vali za moyo, kama ECHO imeonyesha donge au moyo dhaifu sana, umri wako, shinikizo la damu na kisukari. Daktari akishayajua hayo, viashiria vya damu humwongezea uzito upande mmoja au mwingine. Asipoyajua, viashiria peke yake humpoteza.

Nitajuaje kama mapigo yangu hayana mpangilio?

Swali hili ningependa liulizwe mara nyingi zaidi kuliko la D-dima, kwa sababu mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, ambao ndio huleta mapigo hayo, huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano. Keti utulie kwa dakika tano. Geuza kiganja kitazame juu, weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini kidogo ya mstari wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hadi usikie mshipa ukigonga. Hesabu kwa dakika nzima, usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, kwa sababu unachosikiliza hapa ni mpangilio kuliko idadi. Mapigo ya kawaida hufuatana kwa nafasi zinazolingana, na pigo moja la kuruka hapa na pale si ajabu. Mapigo yenye shida huja bila utaratibu wowote: mawili ya haraka, kimya, moja hafifu, matatu mfululizo, kiasi kwamba huwezi kubashiri lijalo.

Ukiyakuta hivyo, nenda ukapimwe kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, na uombe nakala ya karatasi yake. Ikithibitika, mgonjwa mwenye moyo ulioshindwa kwa kawaida huwa amefikia kiwango cha kufikiriwa dawa ya kuzuia damu kuganda bila kusubiri kiashiria chochote cha damu.

D-dima iko juu, lakini daktari hakuniandikia dawa ya kuzuia damu kuganda. Amenipuuza?

Hapana. Kwa mgonjwa ambaye mapigo yake yana mpangilio, hana ugonjwa wa vali na ECHO haikuonyesha donge, jambo hili limechunguzwa kwa makini, na majibu yake yanataka uangalifu.

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa WARCEF, uliowalinganisha wagonjwa 2,305 wenye moyo dhaifu na mapigo ya kawaida: wengine walipewa wafarini, ambayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, wengine aspirini. Wafarini ilipunguza viharusi vya mshipa kuziba, kutoka 1.36 hadi 0.72 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji wa wagonjwa, lakini kutokwa damu kukubwa kulipanda kutoka 0.87 hadi 1.78. Tulichookoa kwa mkono mmoja kilitoka kwa mkono mwingine.

Mwaka 2018 ukaja COMMANDER HF, wa wagonjwa 5,022 ambao pamoja na moyo dhaifu walikuwa na ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo. Walipewa rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ya miligramu 2.5 mara mbili kwa siku au kidonge kisicho na dawa. Jumla ya vifo, mashambulio ya moyo na viharusi haikutofautiana kwa kiwango cha kuridhisha. Viharusi peke yake vilipungua, asilimia 2.0 dhidi ya 3.0, na kutokwa damu kukubwa kukaongezeka. Watafiti waliporudi kuzichambua takwimu zile, waliona kwamba waliokuwa na D-dima ya juu ndio walioelekea zaidi kupata kiharusi, na pia ndio walioonekana kunufaika zaidi na dawa.

Hapo ndipo tumaini la viashiria lilipo, nami nalichukulia kwa uzito: huenda siku moja D-dima ikatusaidia kumtambua mgonjwa mwenye mapigo ya kawaida anayestahili dawa. Lakini uchambuzi wa kurudi nyuma hautoshi kubadili tiba. Unahitaji utafiti mpya ulioandaliwa tangu mwanzo kulijibu swali hilo. Hadi hapo, daktari anayesita kukuandikia dawa kwa sababu ya D-dima peke yake anakulinda.

Basi nimeze aspirini kila siku?

Usianze mwenyewe. Aspirini haiwezi kuchukua nafasi ya dawa ya kuzuia damu kuganda kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, na nayo huweza kutoboa tumbo na kutoa damu. Wanaoihitaji ni wale ambao daktari ameona sababu yake, kama waliopata shambulio la moyo.

Mimi nina ugonjwa wa vali kutokana na homa ya baridi yabisi. Je, yote haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa namna tofauti. Vali iliyobana upande wa kushoto, ikiambatana na mapigo yasiyo na mpangilio, ina hatari ya kiharusi kubwa kiasi kwamba hakuna haja ya kuhesabu alama za hatari wala kupima D-dima ili kuamua tiba. Na dawa yake bado ni wafarini. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba wagonjwa wa aina hii waliotumia dawa za kundi la wafarini walipata matokeo bora na vifo vichache kuliko waliotumia rivaroksabani. Wenye vali za chuma nao hubaki kwenye wafarini.

Kwako wewe, kiashiria cha damu chenye thamani kuliko vyote ni INR, yaani kipimo cha jinsi wafarini inavyochelewesha damu kuganda, ambacho kwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Mwenye vali ya chuma anaweza kupangiwa zaidi ya hapo. Kiwe na daftari lake, na kila pimo liandikwe tarehe, namba na kipimo cha dawa. Hakuna haja ya kuacha mchicha, matembele au kisamvu, ambavyo vina vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, badala ya kukaa mwezi bila mboga kisha ukala sufuria nzima. Dawa za duka la dawa ndizo za kuogopwa zaidi. Metronidazoli na kotrimoksazoli, ambazo watu hununua kwa tatizo dogo la tumbo au la mkojo, hupandisha INR hadi damu ikatoka. Diklofenaki ya maumivu ya mgongo huongeza hatari ya kutokwa damu na pia huufanya moyo ulioshindwa ujaze maji. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha INR. Mwambie mfamasia kwamba unatumia wafarini kabla hujamtajia shida iliyokuleta.

Binti yangu moyo wake umetanuka baada ya kujifungua. Ana hatari?

Anayo, na isichukuliwe kwa wepesi. Ujauzito na wiki za kwanza baada ya kujifungua huifanya damu ielekee kuganda, na moyo dhaifu huongeza kutuama, kwa hiyo madaktari hufikiria mapema kumkinga, hasa ECHO inapoonyesha kwamba nguvu ya moyo imeshuka sana. D-dima haina msaada mkubwa hapa kwa sababu ujauzito wenyewe huipandisha. Akiwa anatumia wafarini na akahisi ameshika mimba nyingine, arudi kliniki mara moja bila kusubiri tarehe yake, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto katika wiki za mwanzo.

Dalili gani zinataka hospitali papo hapo?

Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kukwama au kutoeleweka, kutoona ghafla, au kichwa kuuma kwa ukali usio wa kawaida. Angalia saa na ukumbuke muda ambao mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na tena baada ya picha ya ubongo ya CT kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Usimpe aspirini, usimpe chakula wala maji. Usimpe vidonge vyake vya shinikizo la damu ili kuishusha haraka. Beba dawa zake zote na daftari la INR. Kwa foleni za jiji hili, ni vema familia ikajua mapema hospitali ya karibu yenye mashine ya CT na njia ya kufika huko saa za jioni. Dalili zikipotea zenyewe baada ya dakika chache, mpelekeni hivyo hivyo, kwani hilo huwa onyo la kiharusi kinachokuja.

Je, nipime viashiria hivi mwenyewe katika maabara ya mtaani, na mara ngapi?

NT-proBNP hupimwa wakati wa kuthibitisha ugonjwa, na baada ya hapo daktari anaweza kuirudia hali inapobadilika au kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini. Kuipima kila mwezi hakuna faida iliyothibitika kwa mgonjwa aliyetulia. D-dima isipimwe bila swali mahususi la daktari. Kreatinini na potasiamu hurudiwa wiki moja au mbili baada ya dawa kuanzishwa au kuongezwa, kisha kila baada ya miezi kadhaa. Ikiwa fedha ni ya kipimo kimoja tu mwezi huu na unatumia wafarini, ipeleke kwenye INR. Kama hutumii, ipeleke kwenye kreatinini, au nunua mashine ya kupima shinikizo la damu nyumbani, uandike namba za asubuhi na jioni kwa wiki moja kabla ya tarehe ya kliniki, na umkabidhi daktari karatasi hiyo pamoja na majibu ya maabara.